Walinzi wa Ladislas

Kama uliwahi kuegesha gari South Beach, Durban, mwaka 1998, upande ule wa mabwawa ya watoto, basi mume wangu Ladislas alikulindia gari lako, na ninakuhakikishia hakuna aliyeligusa. Ninasema hivi kwa kujivuna na sitaomba radhi. Wanawake wengine wana waume mawakili. Mimi nilikuwa na mume mwenye kizibao cha njano na filimbi shingoni, na alipopita kati ya magari, kidevu juu, ungedhani uwanja wote ule aliurithi kwa babu yake.

Kwetu Uvira alikuwa fundi cherehani, na fundi wa suti, si wa kubandika viraka. Vita vikatutoa. Tulifika Durban yeye, mimi na binti yetu Jeancy, kwa njia ndefu ambayo sina hamu ya kuisimulia. Hapo mjini hakuna aliyetaka suti ya fundi asiye na cherehani, kwa hiyo Wakongo wenzake wakamwonyesha kazi ya kulinda magari ufukweni. Wengi waliifanya kwa aibu. Wakiona mtu wa nyumbani anakuja, wanavua kizibao haraka na kujifanya wanapunga upepo. Ladislas hakuvua chake. Alikipiga pasi. Kizibao cha nailoni! Nilimwambia siku moja kitayeyuka, akanijibu kwamba anaijua pasi kuliko mimi, jambo ambalo lilikuwa kweli na ndiyo maana liliniudhi.

Haukupita muda wenzake wakamfanya mkubwa wao, kwa sababu alikuwa na jicho. Mtu akiegesha mara moja tu, Ladislas humjua maisha: sura, mwendo, watoto wake, mbwa wake. Wapya waliokuja na hamu ya kupigana na wezi aliwatuliza.

"Kukamata mwizi, kila mutu anaweza," aliwaambia. "Kujua ule hapana mwizi, ile njo kazi."

Kisha tumbo likaanza.

Sisi watu wa Uvira, tumbo likiuma ni amibe, wale vijidudu vya maji machafu. Hatupimi, hatuulizi. Mtoto akiharisha ni amibe, bibi harusi akishikwa na tumbo asubuhi ya ndoa ni amibe, na kila nyumba ina mtu anayejua dawa yake. Ladislas akanywa vidonge vya amibe vilivyotoka kwa jirani, akanywa tena vilivyotoka kwa jirani wa jirani. Akaanza kupata haja yenye damu. Alikonda mpaka suruali ikawa inashikiliwa na mkanda na sala. Tulikuwa tunakaa Greyville, familia nne kwenye fleti moja yenye choo kimoja, na mwanaume huyu asiyetoka nje bila kola iliyonyooka akawa anagonga mlango wa choo na kumbembeleza mtoto wa watu atoke. Hilo liliniuma kuliko ile damu.

Na watu walisema. Durban ya miaka ile, mwanaume akikonda na kuharisha, hakuna aliyehitaji kuuliza. Walikuwa na jina tayari mdomoni. Walikuwa wanakuangalia kwanza wewe mke, wakupime na wewe umebakiza muda gani.

Mwishowe nilimburuta hospitali ya serikali. Kumburuta ndilo neno. Daktari alikuwa mama wa Kihindi, mwembamba, mwenye kuongea haraka, na mimi nilitafsiri kwa sababu Kiingereza nilikuwa nimekiokota Lusaka tulipokwama njiani. Walimpitishia kamera tumboni kutokea nyuma, wakachukua na vipande vidogo vya utumbo kwenda kuviangalia kwa darubini. Walipima damu yake pia kwa kile kirusi ambacho mji mzima ulikuwa umeshamhukumu nacho, naye alikubali. Hakikuwemo. Tuliporudi kusikiliza majibu, swali la kwanza la Ladislas lilikuwa moja tu.

"Muulize, amibe iko?"

"Hakuna amibe," nikamtafsiria.

Nakwambia, alitaka kukasirika.

Daktari akatueleza, na kwa mara ya kwanza akaongea polepole. Ndani ya utumbo mpana, alisema, kuna vijidudu vingi sana visivyo na ubaya. Vinaishi humo tangu tukiwa wachanga na vinatusaidia. Na kwenye ukuta wa utumbo kuna chembe za kinga, ambazo kazi yake ni kulinda, na zaidi ya kulinda, kutofautisha: huyu mwenyeji mwache, yule mgeni mbaya mshike. Kwa Ladislas chembe hizo zilikuwa zimeacha kutofautisha. Zilikuwa zinashambulia zilichotakiwa kukiacha, zinaitana, nyingine zinatoka kwenye damu kuja kusaidia, na zikishafika haziondoki. Zinamwaga sumu iliyopangiwa maadui, na kinachoungua ni nyama ya utumbo wenyewe. Ndiyo maana ya vidonda, na ndiyo maana ya damu. Kwenye vile vipande vya darubini, alisema, chembe nyeupe zilikuwa zimejaa kama watu sokoni Jumamosi.

"Nini kilizianzisha?" nikamuuliza.

Akasema hakuna anayejua bado, si yeye wala wakubwa wake. Nilimpenda kwa jibu hilo. Wote wengine tuliowaendea walikuwa wanajua.

Halafu akatoa sentensi iliyotuharibia miezi. Alisema dawa ipo, nayo kazi yake ni kuishusha kinga ya Ladislas.

Nikatafsiri. Ladislas akaniambia nirudie. Nikarudia. Akasimama, akafunga kifungo cha koti, akamshukuru daktari kwa Kiingereza chake chote, maneno mawili, akatoka.

Tulipofika kwenye robot, yaani taa za kuvukia barabara, akasimama.

"Mama Jeancy," akasema, "batu banakufa hapa juu ya kukosa kinga. Kila siku tunazika. Na ule docteur anataka mi nitoe yangu kwa mikono yangu?"

Kusema kweli maneno yake yalikuwa na akili, na ubaya wake ulikuwa hapo. Angekuwa mjinga ningemshinda siku hiyo hiyo. Vidonge nilivyochukua hospitali akavipandisha juu ya kabati. Akaenda sokoni Warwick akanunua mizizi ile ambayo Wazulu huiita inkomfe, kwa sababu aliambiwa inaongeza kinga. Akala vitunguu saumu mpaka abiria wenzake kwenye taxi wakafungua madirisha. Mchungaji wetu, Barthélemy, mtu mwema lakini mwenye haraka, akamwombea kinga iongezeke mara saba. Mume wangu alikuwa anazipelekea chakula chembe zile zile zilizokuwa zinamla.

Alianguka kazini, kati ya magari mawili, na kizibao chake kimenyooka.

Wodini walimtia maji na damu, hayo aliyakubali. Dawa ya kushusha kinga, iliyotakiwa sasa kuingia kwa mshipa, aliikataa. Daktari akaniita pembeni. Utumbo ulikuwa umevimba vibaya, alisema. Kama hatakubali dawa, au akichelewa sana kukubali, watamkata utumbo mpana wote na atavaa mfuko tumboni maisha yake yote, na hilo ni kama watawahi kabla haujapasuka. Ukipasuka, basi. Hawezi kumlazimisha. Mgonjwa ana akili zake timamu, na amekataa.

Niliporudi kitandani nilikuta uso umegeukia ukuta. Kulia kwake alilala mwanaume ambaye alikuwa mifupa na macho. Kushoto kitanda kilikuwa kimebadilishwa mgonjwa tangu jana.

"Angalia hawa ndugu," Ladislas akaniambia kwa sauti ya chini. "Ule alikuwa na kinga, ikaisha. Mi niko nayo. Niache nayo."

Nililia mbele yake. Sikujificha. Nilimwambia ana kichwa kigumu, nilimwambia ataniacha na mtoto mji wa watu, nikamwambia na mengine ambayo wauguzi hawakuyaelewa, namshukuru Mungu. Yeye akanipangusa machozi kwa shuka ya hospitali, na hakubadilika hata kidogo.

Kulikuwa na jambo jingine pia: nafasi yake ya kazi. Nafasi South Beach haikai wazi. Kwa hiyo asubuhi yake nilikivaa kile kizibao, nikatia filimbi shingoni, nikaenda kusimama mimi. Wanaume walicheka. Nikawaambia mwenye kutaka kucheka aende akacheke mbele ya Ladislas wodini. Wakanyamaza. Mwanamke kulinda magari pale walikuwa hawajamwona, na mimi nilitembea kidevu juu kama mwenye kazi alivyokuwa akitembea.

Siku hiyo nilimwona Peguy akifanya kazi. Peguy alikuwa mgeni, mwanaume wa Kalemie mwenye mabega kama kabati, na Ladislas akizidiwa na tumbo ndiye aliyekuwa akimshikia eneo lake kwa muda. Wiki iliyotangulia mtu alikuwa ameibiwa redio ya gari, kwa hiyo Peguy alikuwa na moto. Akamwona mzee mmoja wa Kihindi ameinama kwenye mlango wa gari la buluu, anachokoa dirishani kwa waya. Akapiga filimbi. Sasa, kwa walinzi wale filimbi ina sheria: ukiisikia, unakimbia. Wakakimbia wote. Wa upande wa juu wakaja, wa upande wa chini wakaja, na kila aliyekuja alipiga filimbi yake akiwa njiani, hivyo wakaja na wengine ambao hata si wa uwanja wetu. Wakamzingira mzee, wakambana kwenye gari, mmoja akavuta, mwingine akasukuma, kioo kikapasuka, kioo cha pembeni kikang'oka, mlango ukabonyea.

Mzee alikuwa anapiga kelele kwamba gari ni lake. Na lilikuwa lake. Alikuwa mvuvi wa ndoano, anakuja karibu kila asubuhi, na siku hiyo alikuwa amefungia funguo ndani. Ladislas angemjua akiwa mbali, kwa kofia tu.

Cha ajabu, hata baada ya kugundua hawakuondoka. Walibaki wamejazana pale, wanapumua, wanaulizana mwizi yuko wapi. Ilinibidi niwafukuze mmoja mmoja.

Saa ya kutembelea wagonjwa nilimsimulia Ladislas yote. Nilikusudia kumchekesha. Hakucheka. Alijiinua kwa viwiko, mgonjwa yule ambaye asubuhi alishindwa kushika kikombe.

"Nani alipiga filimbi?"

"Peguy."

"Na wengine baliitwa na nani?"

"Waliitana wenyewe."

"Mwizi alikuwa?"

"Hapakuwa na mwizi, Papa Jeancy. Gari limevunjwa na walinzi."

Akafumba macho kwa uchungu. Yule mzee alikuwa rafiki yake. Kisha akaanza kutoa amri, na hapo nilimwona mume wangu tena, mkubwa wa uwanja. Peguy anyang'anywe filimbi. Kila mtu abaki kwenye mstari wake. Wa nje warudi kwao. Wabaki wachache, wale wanaojua sura.

Nikamwangalia. Nilikuwa nimeliona lile jambo kabla yake na niliogopa kulitia mkono.

"Ukipunguza walinzi," nikasema, "magari hayataibwa?"

"Bakiwa bengi bila kujua mutu, njo banavunja. Bapungue, batulie. Hata mwizi moja akipita, heri ile kuliko hii."

"Kwa hiyo walinzi wamepunguzwa ili gari lipone."

"Njo ile minasema!"

Niliweka mkono wangu juu ya tumbo lake, taratibu, kwa sababu lilikuwa linauma hata kuguswa na shuka. Aliuangalia mkono wangu muda mrefu. Akamwangalia jirani wa kulia, akarudi kwenye mkono.

"Docteur alisema hivi hivi?" akauliza.

"Hivi hivi. Ila kwa Kiingereza."

"Na ule ndugu hapa?"

"Huyo walinzi wake wamekwisha. Wewe wako wamejazana, wanavunja. Hamfanani."

Alivuta pumzi, akageuza kichwa kuelekea mlangoni.

"Eish. Mwite."

Dawa iliingia kwenye mshipa jioni hiyo. Sitasema kwamba ilikuwa rahisi. Kuna siku daktari wa upasuaji alikuja akamtazama tumbo kama fundi anayetafuta pa kukata, na mimi nikasimama kati yao bila kujua nimesimama. Lakini damu ikapungua, kisha ikaacha. Ladislas akaomba ugali. Nilipomwona anatafuna nilitoka kwenye korido nikacheka peke yangu kama mwehu.

Alirudi nyumbani na mashavu ya kiaskofu, maana ile dawa humvimbisha mtu uso. Kisha wakaishusha kidogo kidogo, kama daktari alivyotuapisha, kwani kuiacha ghafla ni hatari. Badala yake akapewa kidonge kingine cha kunywa kila siku, pengine kwa miaka. Walikuwa wanampima damu mara kwa mara, ili walinzi wasipungue kupita kiasi. Ladislas alilipenda sana jambo hilo la kuhesabu walinzi. Alimsifia daktari mbele ya kila mtu kwamba yule mama anaweza kuendesha uwanja. Peguy hakumfukuza. Alimsimamisha kando yake asubuhi nyingi bila filimbi, akawa anamwonyesha sura za watu.

Alipopata nguvu, kanisa lilitaka ushuhuda.

Kanisa letu lilikuwa ghala la zamani Greyville, viti vya plastiki na kinanda kimoja, Wakongo na Warundi tuliochanganyika. Mchungaji Barthélemy alikuja nyumbani Jumamosi kutuandaa. Kwa upande wake habari ilikuwa fupi: Ladislas alikuwa anakufa, tukaomba, amepona. Na mtu aliyeponywa na Mungu, mchungaji alisema kwa upole, hana haja ya kidonge. Alimwomba siku ya ushuhuda avilete vidonge vyake madhabahuni aviache pale, imani za watu ziinuke. Akaongeza, akinitazama mimi, kwamba itakuwa vizuri pia aseme wazi kwamba hana ule ugonjwa mwingine, ili majina yetu yasafishwe.

Nikiri, hilo la mwisho nililitaka. Niliutaka mji mzima usikie.

Usiku ule sikumuuliza atafanya nini. Niliogopa. Alikuwa mtu wa kusali, na mchungaji alikuwa amefunga kwa ajili yake. Lakini nilijua kwamba vidonge vile ndivyo vilivyoshika uhai wake. Akiviacha vidonge pale madhabahuni, kabla ya Krismasi tungekuwa tena mbele ya yule mwenye kisu.

Jumapili ghala lilijaa. Ladislas alivaa suti aliyojishonea Uvira, ambayo sasa ilimkaa tena. Alipoitwa alipanda mbele akiwa na kichupa cha dawa mkononi, na watu wakaanza kupiga vigelegele kabla hajafungua mdomo.

"Mungu amenitendea," akasema. "Alinipa docteur. Alinipa bibi mwenye kichwa ngumu kunipita. Na alinipa hii."

Akafungua kichupa. Akatoa kidonge kimoja, akakiweka kwenye kiganja na kukiinua ili hata wa nyuma wakione. Kisha akaifikia ile glasi ya maji ya mchungaji, iliyokuwa imefunikwa kitambaa, akaifunua, akameza kidonge mbele ya kanisa zima, akanywa maji mpaka mwisho.

Vigelegele vilikatika katikati.

"Hii inapunguza kinga yangu," akaendelea. "Yangu ilikuwa imenizidi, ikanila utumbo. Nitakunywa kila siku, na kila siku nitasema asante Mungu. Na nyinyi munaotaka nitaje ugonjwa gani sina, sitataja. Iko ndugu humu ndani banao. Nikijisafisha, nitakuwa nimewachafua bale ndugu."

Nilikaa kwenye kiti changu cha plastiki na uso unaniwaka. Nilikuwa nimetaka jina langu lisafishwe, naye akalitoa sadaka, mbele yangu, bila kuniuliza. Na nilimpenda siku hiyo kuliko siku aliyonioa.

Mchungaji alikuwa amesimama na Biblia kifuani, hajui aseme amina au asiseme. Hapo ndipo Spès aliposimama. Spès alikuwa mjane wa Kirundi aliyeuza vitenge, mwembamba, na kwa majuma kadhaa viti vya jirani yake vilikuwa vinasogezwa kila akikaa. Alifungua mkoba wake, akatoa kikaratasi kilichokunjwa chenye vidonge.

"Mchungaji," akasema, "mimi vyangu huwa navinywea chooni. Naomba maji."

Barthélemy alimtazama, akaitazama glasi tupu. Akaichukua. Aliijaza kwa mkono wake mwenyewe kutoka kwenye jagi, akashuka nayo hadi kiti cha Spès, akasimama pale mpaka alipomaliza kunywa.

Hakuna aliyemuuliza vidonge ni vya nini. Ladislas alikuwa bado amesimama mbele, kidevu juu, suti imenyooka. Nikasema kwa sauti, na nadhani safu tatu zilinisikia: "Huyo ni bwana yangu."